Kilio Katika Nyumba Iliyozibwa

Ofisini mlinikatia keki, mkaniomba niwaandikie chochote kuhusu kazi kabla sijasahau. Chochote ni neno la hatari kumpa mzee aliyestaafu juzi, lakini nitajizuia. Vyeo na mishahara naviruka. Msomaji hatapoteza kitu. Nitaandika jinsi nilivyoingia kwenye kazi hii ya kuzuia joto lisitoroke majumbani mwa watu, nani alinifundisha, na nyumba moja ya Haltom City ambayo hadi leo nikipita mtaa ule napunguza mwendo bila kutaka.

Nilianzia Houston, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mimi ni mtu wa Makete, na kwetu mwezi wa sita baridi inaunguza majani ya viazi shambani. Ndugu zangu waliposikia naajiriwa kupambana na baridi katika mji ambao watu wanavaa kaptula Desemba, walinicheka mpaka nikakata simu. Lakini Houston nayo ina siku zake. Upepo wa kaskazini ukishuka, asubuhi unatoka na shati na mchana unatafuta blanketi, na nyumba zilizojengwa kwa kufikiria kiangazi tu zinapitisha upepo kila upande. Niliona watu wazima wamefungua mlango wa oveni na kukaa kuuzunguka, huku joto lote la hita yao likipanda darini na kwenda zake.

Kazi ilikuwa kupanda hukohuko darini na kupuliza karatasi zilizosagwa, ili joto likae chini na wenye nyumba. Siku yangu ya kwanza nilikanyaga pasipo na boriti. Mguu wangu ukatokea sebuleni, juu ya televisheni, mwenye nyumba akiwa anatazama mpira. Hakupiga kelele. Aliutazama ule mguu, kisha akasema kwa sauti ya kunisikitikia kwamba kiatu changu kinahitaji soli. Tangu siku ile sijawahi kupanda dari bila kugonga kwanza kwa fimbo, na kila kijana niliyemfundisha nimemgombeza juu ya jambo hili kabla hata ya kumuuliza jina.

Baada ya miaka michache mke wangu, Mama Tumaini, alipata kazi Fort Worth katika nyumba ya kutunzia wazee, tukahamia kaskazini. Huko ndiko nilikokutana na Mzee Earl, Mmarekani mweusi mzaliwa wa palepale, aliyekuwa kiongozi wa timu katika shirika letu dogo la kuziba nyumba za watu wa kipato cha chini. Earl alikuwa mtu wa maneno machache na sigara nyingi. Wiki nzima ya kwanza hakunipa hata kopo la gundi nishike. Alinitembeza tu kutoka nyumba hadi nyumba, na kila nilipoona ufa nikataka kuuziba, aliniuliza swali lilelile: "Nani analitumia tundu hili?"

Nilidhani ananitania. Nyumba ya kwanza tundu lilikuwa la panya, ya pili la nyuki, na mimi nikawa nasema tuzibe tuondoke. Ya tatu lilikuwa tundu dogo kwenye ukuta wa chumba chenye hita ya gesi, na hapo Earl akakaa chini, akanieleza kwa kirefu kuliko alivyowahi kunieleza kitu chochote. Moto unakula hewa, akasema. Ukiunyima hewa safi, haufi. Unaendelea kuwaka vibaya, na unatoa gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu anaumwa kichwa, analegea, anasinzia, na wa kumwamsha hawapo kwa sababu nao wanasinzia. Akawasha sigara, akaisogeza kwenye bomba la hita linalotoa moshi nje kupitia paa. Moshi wa sigara ukavutwa juu. "Ukivutwa hivi, fanya kazi yako," akasema. "Ukikurudia usoni, toa watu nje kwanza, halafu ndiyo ufikiri."

Vifaa vyetu mnavijua, ingawa vyenu ni vipya na vina vioo vinavyong'aa. Tulikuwa na ile feni kubwa ya mlangoni inayonyonya hewa ya nyumba ili upepo wa nje ujitokeze kila palipo na ufa, tukawa na bunduki za gundi, ngazi na tochi. Badala ya sigara ya Earl mimi nilitumia kijiti cha udi. Moshi wake unaonyesha ufa vizuri sana na nyumba inabaki inanukia. Mama mmoja Mtanzania kule Plano, mume wake ana ofisi yenye jina lake mlangoni, aliponiona nazunguka kona zote za nyumba yake ya ghorofa nikifukiza, alinivuta pembeni akaniuliza kwa kunong'ona kama nimeona majini. Nikamwambia jini lipo moja tu, ni mlango wa dari, na linameza joto la nyumba nzima.

Basi, Haltom City, mji mdogo uliopakana na Fort Worth. Baada ya mwaka elfu mbili walianza kuletwa pale wakimbizi kutoka Kongo mashariki, wengi wao wamepitia kambi za Kigoma. Walipangishiwa nyumba za mbao za zamani, na bili ya kwanza ya majira ya baridi iliwafika kama habari ya msiba. Mimi nikapewa mtaa ule kwa sababu ya Kiswahili, ingawa Kiswahili changu na chao vilihitaji muda kidogo kuzoeana. Ndipo nikamfahamu Papa Riziki, mtu wa Fizi, aliyekuwa akifanya kazi ghalani, na mke wake Mama Riziki, ambaye alikuwa akifanya kazi pamoja na mke wangu kwa wazee. Binti yao wa pekee, Riziki mwenyewe, alikuwa anasoma shule ya msingi. Ukimsalimia hujambo alikujibu "I'm good, Uncle."

Sijawahi kupata mwenye nyumba kama Papa Riziki. Siku zote tulizofanya kazi kwake alinifuata na tochi yake mwenyewe, mpaka chini ya sakafu. Tulijaza dari, tukaziba nyufa za kuta, tukaweka plastiki madirishani na vizuizi chini ya milango. Katikati ya ukorido wao kulikuwa na stoo nyembamba yenye hita ya gesi pamoja na tangi la maji ya moto, na mlango wake ulikuwa wa vipande vya mbao vilivyoachana, ili hewa ipite. Nikamwonyesha kwa udi jinsi moto unavyovuta hewa kupitia pale. Nikamwambia hapa pasifunikwe na kitu chochote, hata kanga. Pembeni, ukutani, nikafunga kengele ya kupima ile gesi.

"Nimesikia, Fundi," akasema, na "njo" yao ni "ndipo" yetu. "Hapa njo moto inakulia. Minaikatalia kila mtu."

Na kweli alikataa. Mke wake aliniambia alikuwa anagombana na kila aliyeegemeza ufagio kwenye mlango ule. Yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wake, na sisi wote tulidhani hiyo inatosha.

Papa Riziki alifariki ghafla, kwa moyo, asubuhi moja ya baridi akijiandaa kwenda kazini. Siku iliyofuata ilianguka mvua ya barafu. Kwa wasioijua, theluji ni jambo la picha. Barafu ni jambo la mifupa. Inafunika barabara kama kioo, na Fort Worth nzima inasimama. Ndugu wa marehemu waliotoka majimbo mengine walikwama njiani, maziko yakaahirishwa, na waliokwisha kufika hawakuweza kuondoka. Kwa hiyo kilio kikakaa ndani ya nyumba ile, siku baada ya siku, watu wakilala sebuleni, wakipika, wakiimba.

Mimi na mke wangu tulifika mchana wa siku ya tatu, gari likienda kwa mwendo wa kumsindikiza bibi harusi. Nilikuwa nimevaa koti la msiba, sikuwa na hata bisibisi mfukoni. Kibarazani kulikuwa na rundo la viatu, na mlango ulipofunguliwa joto likatupokea usoni, joto zuri, nikajisikia hata fahari kidogo. Nikasema moyoni, Papa Riziki, nyumba yako inashika. Wanawake walimchukua mke wangu moja kwa moja chumba cha ndani, alikokuwa amekaa mjane juu ya godoro sakafuni pamoja na binti yake. Mimi nikakaa na wanaume sebuleni, karibu na Papa Wilondja, kaka mkubwa wa marehemu, ambaye ndiye aliyeshika msiba. Mchungaji alikuwa anaongoza nyimbo. Jikoni sufuria kubwa zilikuwa zinachemka na feni ya juu ya jiko inanguruma, na ya bafuni nayo pia, maana watu walikuwa wanaoga kwa zamu.

Hayo yote niliyasikia, na sikufikiri kitu. Nilikuwa mtu aliyefiwa na rafiki.

Baada ya muda kichwa kikaanza kunigonga. Nikajiambia ni njaa, na uchungu, na ubaya wa ile barabara. Nikamwomba Papa Wilondja maji. Akanipa, akacheka kwa huzuni. "Na weye pia? Kichwa iko nauma sisi wote, Papa. Ni juu ya kulia." Nikatazama sebuleni. Vijana wenye nguvu zao, watu wa kubeba maboksi ghalani, walikuwa wameegemea ukuta vinywa wazi. Wimbo ulikuwa umepungua mpaka ukabaki wa mchungaji na wamama wachache. Mama mmoja alipita na ndoo. Mtoto ametapika, akasema, wamekula maharage yaliyolala. Na madirishani, nyuma ya plastiki niliyoipachika kwa mikono yangu, maji yalikuwa yanatiririka kama jasho.

Msibani kila dalili ina maelezo yake. Mtu akiumwa kichwa, amelia sana. Akisinzia, hakulala jana. Akikosa nguvu miguuni, mwacheni, alimpenda marehemu. Na sisi sote tuliokulia kwenye majiko ya kuni tumefundishwa na macho yetu: penye hatari pana moshi, na moshi unanuka. Pale palinuka pilipili na nyama tu.

Mke wangu akatokea ukoridoni ameshika ukuta. Si kawaida yake kushika ukuta.

"Baba Tumaini," akaniita kwa sauti ya chini, "njoo. Kichwa kinapasuka. Na Mama Riziki namwita haitiki vizuri. Wanasema kalala. Mimi nalaza wazee kila siku, yule hajalala."

Nikainuka. Magoti yakakataa kidogo, na hapo ndipo woga uliponishika, kwa sababu nilimkumbuka Earl: kichwa, kulegea, kusinzia. Nikaingia ukoridoni. Magodoro ya wageni, yale wanayolalia usiku, yalikuwa yamekusanywa kwa heshima ili watu wapite, yakasimamishwa wima upande mmoja, moja mbele ya jingine, mpaka karibu na dari. Yalikuwa yameegemezwa kwenye mlango wa stoo ya hita. Mlango wote haukuonekana. Pembeni yake, ukutani, nilipofunga kengele, kulikuwa na skrubu peke yake.

"Kengele iko wapi?"

"Ile machine?" Papa Wilondja alikuwa amenifuata. "Jana iliimba, iliimba sana, pasteur eko naomba. Tulifikiri ni moshi ya nyama, tukaitoa betri. Iko pale ndani ya tiroir," akanionyesha droo ya kabati, "tumeifunga mu kitenge."

Nilichomoa karatasi laini kwenye boksi lililokuwa limewekwa pale kwa ajili ya wanaolia. Nikayasukuma magodoro pembeni kidogo, nikapenyeza mkono nyuma yake, nikavuta mlango upenyo mdogo, nikaishika ile karatasi kwenye mdomo wa bomba la moshi. Ilipaswa kuvutwa juu. Ikanirudia, ikapepea usoni kwangu, na hewa iliyotoka ilikuwa ya moto na nzito. Zile feni mbili zilikuwa zinanyonya hewa ya nyumba na kuitupa nje, moto hauna pa kuvuta, na bomba lilikuwa linamwaga kila kitu ndani kwetu, tangu jana, labda tangu juzi. Nikazima gesi.

"Watu wote nje," nikasema. "Sasa hivi. Mama Tumaini, piga simu ya dharura."

Papa Wilondja alinitazama kama mtu aliyepoteza akili. Nje barafu ilikuwa inaanguka bado, tunaisikia juu ya bati la kibanda cha gari. "Inje? Na wamama wazee? Na batoto? Fundi, mais ni weye ulituambia joto ikae ndani! Baridi itawaua."

"Baridi itawasumbua. Hii ya humu ndiyo inaua. Kichwa chako kinauma kwa sababu yake. Si kilio, Papa Wilondja, ni gesi."

"Sisikii gaz. Hakuna harufu."

"Haina harufu!"

Nilipiga kelele katika nyumba ya msiba, na wimbo ukakatika. Watu wakanigeukia. Nikaona nyuso zilizochoka, zenye macho mekundu, zinanishangaa pole pole. Mchungaji akaniuliza kuna nini. Nikamwambia kwa maneno machache kadiri nilivyoweza. Alifumba macho, nikadhani anaanza sala nyingine, nikataka kulia. Alipoyafumbua alisema, "Wapendwa, chukueni blanketi. Wimbo huu tutaumalizia nje." Akaanza kuimba tena kwa sauti kubwa, akiwa anatembea kuelekea mlangoni, na watu, kwa mazoea ya kumfuata, wakaanza kuinuka. Wengine walilazimika kuinuliwa. Kijana mmoja alifika kizingitini akaketi tu, akavutwa kwa mabega. Mimi nilikwenda dirisha hadi dirisha nikichana plastiki yangu kwa ufunguo wa gari na kusukuma vioo.

Mke wangu akarudi kutoka kwenye simu. "Nime-call nine-one-one. Wanasema roads zote ni barafu, wata-take time. Tusiwangoje ndani. Twende tukamtoe Mama Riziki."

Mlangoni mwa chumba cha ndani tukamkuta Papa Wilondja amesimama.

"Wengine, sawa," akasema. "Yeye, hapana. Mujane hatoke mahali pa kilio mbele ya maziko, bwana yake hajazikwa. Haiwezekane. Bamama wa kwetu watasema nini? Ndugu yangu atasema nini?"

Nyuma yake niliwaona wawili. Mama Riziki alikuwa amelala ubavu, mdomo wazi kidogo, uso umetulia kuliko nilivyowahi kuuona. Riziki amejikunja mgongoni kwake, amefumba macho, matapishi yamekauka kwenye sweta. Ningeweza kumsukuma mzee yule. Nilikuwa tayari. Lakini tungeanza kupigana mlangoni na dakika zingekwisha, na mimi mwenyewe sikuwa na uhakika na miguu yangu.

Mke wangu ndiye aliyesema. "Papa, mahali pa kilio ni wapi? Ni chumba, au ni hapo alipokaa?"

Papa Wilondja akamwangalia, kisha akaangalia godoro.

"Ni pale amekaa," akasema taratibu.

"Basi asitoke. Mbebeni alivyo, na godoro lake."

Papa Wilondja akavua koti. "Munisaidie," akaita, "nyinyi wenye kuwa na nguvu!"

Lakini godoro lenye mtu halikuweza kupita ukoridoni palipojaa magodoro mengine. Ikabidi kwanza hayo yatolewe, moja moja, na kila moja lilijikunja na kukwama mlangoni, na sisi tunakohoa na kutukana kwa lugha zetu mbalimbali. Mke wangu alimbeba Riziki begani akapita katikati yetu. Mtoto alisema neno moja, "Mommy," kichwa kikaanguka tena. Kisha tukashika pembe za godoro la mjane. Papa Wilondja alikuwa upande wa kichwa, mimi miguuni na kijana mwingine. Katikati ya njia magoti ya yule kijana yaliachia, godoro likainama, nikalizuia kwa paja. Sikumbuki tulivyovuka sebule. Nakumbuka kizingiti, na baridi iliyonipiga usoni, na jinsi nilivyoivuta kifuani kwa pupa.

Tukamweka chini ya kibanda cha gari. Wamama wakamzunguka, wakamfunika kwa vitenge na makoti, wengine wakiimba huku meno yanagongana. Mke wangu alipiga magoti juu ya barafu akimpiga makofi mashavuni, akimwita kwa jina lake la kuzaliwa ambalo mimi sikuwa nalijua. Mama Riziki alikuwa anapumua, lakini hafumbui. Nilisimama pale sina la kufanya. Miaka yote ile, ngazi na feni na udi, na sasa kazi yangu ilikuwa kuangalia kama koti lililo juu ya kifua cha mtu linainuka.

Gari la zimamoto lilifika likiwa na minyororo kwenye magurudumu. Mmoja wao aliingia na kipimo mkononi, akatoka haraka kuliko alivyoingia, akavaa barakoa ndipo akarudi. Wengine waliwawekea hewa ya mitungi Mama Riziki na binti yake, wakawapakia wote wawili, na bibi mmoja mzee pamoja nao. Waliobaki tulipimwa mmoja mmoja tukiwa tumekaa kwenye basi ambalo lililetwa ili tupate joto. Papa Wilondja alikaa karibu yangu. Aliendelea kuushika mkono wangu hata alipokuwa akipimwa yeye.

Tangu hapo, na hili ndilo nililotaka mlijue hasa, sikuwahi tena kumweleza mambo ya hita mtu mmoja tu wa nyumba. Nilimwita kila mtu ukoridoni: bibi, mgeni, watoto kwa Kiingereza chao. Nilibonyeza kengele ili waisikie inavyolia na wasiichanganye na ya moshi. Niliwauliza, siku mkiwa na harusi au msiba humu ndani, magodoro mtayaweka wapi? Wenzangu walinicheka kwa swali hilo. Nyinyi ulizeni hivyo hivyo. Familia ya watu watatu inaishi vizuri katika nyumba iliyozibwa. Nyumba hiyohiyo siku ya kilio ni nyumba nyingine kabisa.

Siku ya pili baada ya kuwatoa, barabara zilipofunguka, tulikwenda hospitali. Nilikuwa na wasiwasi njia nzima. Nilijua wamenusurika, lakini nilikuwa nimevunja kilio cha Mama Riziki, nikamtoa nje mbele za watu, nikamwacha mumewe amelala chumba cha maiti huku nyumba yake iko wazi, haina moto wala mtu. Niliogopa atageukia ukutani.

Alikuwa ameegemea mito, mrija wa hewa puani. Riziki alikuwa amelala usingizi wa kawaida kwenye kitanda hichohicho, miguuni mwa mama yake, kwa sababu alikataa kulazwa peke yake. Tukasalimiana, tukapeana pole upya. Kisha Mama Riziki akaniuliza.

"Fundi. Ile usingizi, ilikuwa ni gaz?"

"Ndiyo, Mama. Ilikuwa gesi."

Mke wangu akamshika mkono.

"Mie nilifikiri ni Papa Riziki," akasema. "Alikuwa ananiita. Pole pole tu, vile alikuwa ananiita asubui juu ya chai. Sikuogopa hata. Nilimwambia, ngoja kwanza, wageni hawajakula. Halafu nilichoka kumungojesha. Nikasema basi, minakuja."

Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu.

Yeye alikuwa anamtazama binti yake. Nikaona uso wake unabadilika, taratibu, kama mtu anayehesabu na jibu halimpendezi.

"Lakini huyu alikuwa mgongoni kwangu," akasema.

Akavuta pumzi, akalia. Si kile kilio cha msiba chenye maneno na wimbo. Alilia bila sauti, mdomo wazi, huku amenyoosha mkono mpaka akaufikia mguu wa mtoto chini ya blanketi. Aliushika hivyo muda wote tuliokaa. Riziki alijigeuza usingizini akataka kuuvuta mguu wake, mama yake hakumwachia.